Yoshiwara: Mtaa wa Lango Moja

Mwaka 1612 mwenye danguro mmoja wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, Shoji Jin'emon, alipeleka maombi kwa serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Hakutaja faida yake. Alieleza kwamba madanguro yaliyotapakaa mjini yanaleta madhara ya aina tatu. Wateja hujifungia humo siku nyingi wakitapanya mali na kusahau kazi. Watoto wa kike huibwa, au huchukuliwa kwa kisingizio cha kulelewa, kisha wakauzwa. Na wahalifu, pamoja na samurai waliobaki bila bwana baada ya vita, hupata pa kujificha. Dawa aliyopendekeza ilikuwa kuyakusanya madanguro yote mahali pamoja, chini ya msimamizi atakayetoa taarifa ya kila mgeni wa kutiliwa shaka. Alijitolea kuwa msimamizi huyo.

Jibu lilikuja baada ya miaka 5. Mwaka 1617 alipewa kinamasi kilichoota matete, si mbali na daraja la Nihonbashi, pamoja na masharti matano. Danguro lolote la nje ya eneo hilo ni haramu. Mteja asikae zaidi ya siku moja. Wanawake wasivae nguo zilizotariziwa kwa dhahabu na fedha. Majengo yasiwe ya fahari. Na mtu asiyejulikana aulizwe atokako, akitiliwa shaka apelekwe kwa hakimu. Mwaka uliofuata biashara ilianza, na mtaa ukaitwa Yoshiwara. Masharti ya nguo na ya majengo yalivunjwa mapema na mbele ya macho ya watu wote. Umaarufu ulioifanya Yoshiwara idumu zaidi ya miaka 300 ulianzia katika kuvunjwa huko.

Kwa nini serikali iliyokuwa kali kwa karibu kila jambo ilikubali, na kuendelea kukubali? Jibu limo katika hesabu ya watu. Tokugawa Ieyasu alipohamia Edo mwaka 1590 alikuta ngome iliyochakaa na vijiji vya wavuvi. Alipokuwa shogun mwaka 1603, mji ulikuwa umejaa maseremala, waashi, wachukuzi na vibarua waliokuja kujenga. Kisha mwaka 1635 mjukuu wake Iemitsu aliandika katika sheria kwamba kila mtawala wa jimbo aishi Edo kwa zamu, mwaka akiwa mjini na mwaka akiwa kwao, huku mkewe na mrithi wake wakikaa Edo daima kama dhamana. Watawala hao walisafiri na mamia ya samurai, wengi wao wakiwa wameacha wake zao majimboni. Hesabu ya mwaka 1721, ambayo haikugusa samurai hata kidogo, ilikuta raia wanaume 323,285 na wanawake 178,109. Mji wa namna hiyo ulikuwa na wanaume wengi wasio na familia karibu, na wakubwa waliona ni heri tamaa za wanaume hao zikusanywe mahali penye mlinzi na kodi.

Mji ulikua upesi mno, na baada ya miaka 40 mtaa uliojengwa pembezoni ulijikuta katikati. Mwaka 1656 wenye madanguro waliamriwa kuhama. Kabla hawajamaliza kufungasha, mapema mwaka 1657, moto mkubwa wa enzi ya Meireki uliteketeza sehemu kubwa ya Edo na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 100,000. Yoshiwara nayo iliungua. Walijenga upya kaskazini, katika mashamba ya mpunga nyuma ya hekalu la Sensoji huko Asakusa, na fidia yao ilikuwa nono: eneo lililozidi la kwanza kwa nusu, ryo 10,500 za dhahabu kwa gharama za kuhama, na ruhusa ya kufanya kazi usiku, jambo lililokuwa limekatazwa. Nyumba za kuogea zipatazo 200, ambazo wanawake wake walikuwa wakishindana na Yoshiwara kwa wateja, zilifungwa, na wanawake wengi wa huko wakahamishiwa Yoshiwara mpya.

Kufika huko kulikuwa safari. Mwenye fedha alipanda mtumbwi mwembamba katika mto Sumida, akateremka kwenye mfereji wa San'ya, kisha akaenda kwa machela au kwa miguu juu ya tuta la Nihonzutsumi. Mwisho wa tuta palikuwa na mti ulioitwa mwerebi wa kugeukia nyuma, kwa sababu wanaume walioondoka alfajiri walizoea kugeuka hapo kuangalia walikotoka. Njia ya kushuka ilikunjwa makusudi ili mtaa usionekane kutoka juu ya tuta. Ndipo mtu alipofika kwenye Omon, lango kuu.

Lango lilikuwa hilo hilo moja. Mtaa mzima ulikuwa mstatili wa mita mia chache kila upande, umezungukwa na ukuta na handaki la maji meusi ambalo watu waliliita handaki la rangi ya meno, wakifananisha maji yake na rangi waliyopaka wanawake menoni. Ndani ya lango, upande mmoja walikaa maofisa wa serikali waliokagua wanaume. Upande wa pili walikaa walinzi walioajiriwa na wenye nyumba, na kazi yao ilikuwa kuwaangalia wanawake. Mwanaume aliingia na kutoka apendavyo. Mwanamke yeyote, hata mchuuzi au mgeni aliyekuja kutazama maua, alihitaji hati ya kutokea, na asiyekuwa nayo alizuiliwa.

Walikoanzia wanawake hao kunajulikana vizuri. Sheria ya Tokugawa ilikataza kuuza binadamu, kwa hiyo biashara ilifanywa kwa jina jingine: mkataba wa utumishi wa miaka 10, au hata zaidi, ambao mzazi au mlezi aliutia muhuri akapokea fedha taslimu mkononi. Fedha hizo ziliandikwa kuwa deni la binti. Madalali walizunguka vijijini, na miaka ya njaa ndiyo iliyokuwa mizuri kwao. Wakati wa njaa kubwa ya enzi ya Tenmei katika miaka ya 1780, familia za kaskazini zilipokula magome ya miti, binti aliyewekwa rehani Edo aliwapa wadogo zake chakula cha msimu. Jirani zake walimwita binti mwema aliyewatendea wazazi wake wajibu. Huo ulikuwa ukatili wa pekee wa mpango huu, kwamba ulimfanya mtoto aone kutoroka kuwa ni kuwasaliti watu wa nyumbani.

Waliofika wakiwa na miaka 6 au 7 waliitwa kamuro. Walimtumikia mwanamke mkubwa, wakambebea kiko na tumbaku, wakatembea nyuma yake wakiwa wamevalishwa nguo zinazofanana, huku wakijifunza. Wenye sura na akili walisomeshwa kuandika kwa mwandiko mzuri, kutunga mashairi, kupanga maua, kuandaa chai, kupiga ala na kucheza mchezo wa go. Walifundishwa pia namna ya kuzungumza iliyotumika ndani ya mtaa huo tu, yenye vitenzi vya miisho ya pekee, hata lafudhi za vijijini zikafutika na mteja asijue kwamba bibi anayemlipia ghali ametoka kwenye kibanda cha mkoa wa Echigo. Kila mwaka wa mafunzo haya uliingia katika daftari.

Deni lilivyokua ni jambo la kueleza taratibu, maana hapo ndipo ilipokaa nguvu ya mwenye nyumba. Mwanamke alipoanza kupokea wateja, karibu miaka 17, sehemu kubwa ya malipo ilikwenda kwa nyumba. Kutokana na kidogo kilichobaki alipaswa kununua kimono za kila msimu, matandiko, vitana na vipini vya nywele, na kuwatunza kamuro na wasichana wengine waliowekwa chini yake. Alipaswa pia kuwatuza watumishi. Kisha zilikuwapo siku maalumu za sherehe, nyingi kwa mwaka, ambazo ujira ulipanda maradufu. Siku hizo kila mwanamke alitakiwa awe na mteja aliyeahidi kuja, na asiyempata alilipa ujira wake mwenyewe, yaani alikopa tena. Kwa desturi mkataba ulikwisha mwanamke akiwa na miaka ipatayo 27. Wengi hawakufika huko. Baadhi ya waliofika walikuwa bado wanadaiwa, wakabaki kama wasimamizi wa wenzao, kazi iliyoitwa yarite: mama mwenye jicho kali, aliyepita njia hiyo hiyo na sasa akiwahimiza wasichana waipite.

Katika kilele cha ngazi, katika karne ya 17, walikuwapo tayu. Walikuwa wachache sana, na walitarajiwa kuweza kuzungumza na mtawala wa jimbo bila kuaibika. Mmojawapo, Katsuyama, alikuwa mwanamke wa nyumba ya kuogea kabla ya kuingia Yoshiwara, na alifika na mambo yake. Alifunga nywele kwa kitanzi kipana kinachorudi mbele, na alitembea kwa hatua zinazotupwa nje kwa duara. Nywele zile zilipendwa, zikaigwa, zikabadilishwa kidogo kidogo, hata mtindo uliotokana nazo ukawa alama ya mke halali katika Japani nzima. Mabibi wa heshima, ambao wasingediriki kulitaja jina la Yoshiwara mbele za watu, walibeba kichwani mtindo uliotoka huko.

Hatua za Katsuyama nazo zilidumu. Oiran, kama walivyoitwa wanawake wa juu baada ya cheo cha tayu kutoweka katikati ya karne ya 18, walipokwenda kumpokea mteja kwenye nyumba ya chai waliandamana katika barabara kuu ya Nakanocho kwa mwendo huo. Walivaa viatu vya mbao vyeusi vyenye urefu wa shubiri, na mshipi wa obi uliofungwa mbele. Mbele yao alitangulia mwanaume mwenye taa iliyochorwa nembo ya nyumba, kamuro wawili wakafuata, nyuma mwingine akashika mwavuli mkubwa. Safari ya mita mia mbili ilichukua muda mrefu sana, na hilo ndilo lililotakiwa. Watu waliojaa kandokando wasingekuwa na uwezo wa kumlipia hata siku moja ya maisha yao, lakini walikwenda nyumbani wakiwa wameona kimono, na wiki iliyofuata maduka ya vitambaa yalijua la kuuza.

Mteja wa daraja la juu hakwenda moja kwa moja kwa mwanamke. Alianzia nyumba ya chai, ambako samurai aliacha upanga wake, akaagiza chakula, wapiga muziki na wachekeshaji, na kumtuza kila aliyeingia chumbani. Kwa desturi iliyosimuliwa sana, siku ya kwanza oiran alikaa mbali naye bila kula, kunywa wala kusema neno. Mara ya pili alisogea karibu kidogo. Mara ya tatu ndipo mteja alipoandaliwa vijiti vya kulia vyenye jina lake, akahesabiwa kuwa mwandani, na tangu hapo alitazamiwa kuwa mwaminifu kama mume. Kitabu cha picha cha mwaka 1804 juu ya desturi za mwaka mzima za Yoshiwara, kilichoandikwa na Jippensha Ikku na kuchorwa na Kitagawa Utamaro, kinaonyesha jinsi mteja aliyekamatwa akimwendea mwanamke mwingine alivyokokotwa na kuaibishwa. Nyumba ile ile iliyomnyima mwanamke haki ya kumkataa mwanaume iliigiza ndoa na wivu wake. Kwa wateja matajiri, maigizo hayo yalikuwa sehemu kubwa ya bidhaa waliyoinunua.

Mtaa ulikuwa na kalenda yake. Kuanzia mwaka 1741, kila mwezi wa tatu, miti ya cherry iliyokomaa ililetwa na mizizi yake, ikapandwa katikati ya Nakanocho, na maua yakishapukutika ikang'olewa yote. Mwezi wa saba taa zilitundikwa kwenye nyumba za chai kwa kumkumbuka Tamagiku, mwanamke aliyependwa na watu wote na aliyefariki mwaka 1726 akiwa na miaka 25. Siku ya kwanza ya mwezi wa nane oiran walivaa nguo nyeupe tupu, na mwezi huo huo ulikuwa wa michezo ya kuigiza barabarani, ambayo wanawake wa mjini nao waliruhusiwa kuja kuitazama.

Mtu tajiri aliweza kulilipa deni lote na kumtoa mwanamke. Mwaka 1741 Sakakibara Masamine, mtawala wa Himeji, alimkomboa Takao wa nyumba ya Miura huku shogun Yoshimune akihubiri kubana matumizi. Alilazimishwa kujiuzulu, na ukoo wake ukahamishiwa Takada, mkoa wa baridi kali. Mwaka 1775 Segawa wa nyumba ya Matsuba alikombolewa kwa ryo 1,400 na Toriyama, kipofu aliyetajirika kwa kukopesha fedha kwa riba. Miaka 3 baadaye serikali ilimshtaki Toriyama kwa riba zake, ikamnyang'anya mali. Edo yote ilisimulia habari ya ryo 1,400. Fedha hizo zilikwenda kwa mwenye nyumba.

Mwaka 1750, ndani ya mtaa huu, alizaliwa mtoto aliyekuja kujulikana kama Tsutaya Juzaburo. Alifungua duka dogo la vitabu karibu na lango, na kabla ya miaka mingi kupita akawa mchapishaji wa mwongozo uliotoka mara mbili kwa mwaka, ukiwa na majina ya nyumba zote, wanawake wote, vyeo vyao na bei zao. Kutokana na faida ya kitabu hicho alipanda hadi kuwa mchapishaji mashuhuri kuliko wote Edo. Utamaro alikaa kwake na kumchorea. Sharaku, mchoraji wa waigizaji ambaye kazi yake yote ilitokea ndani ya miezi isiyozidi 10 kuanzia mwaka 1794, alichapishwa naye. Mwandishi Santo Kyoden, ambaye wake zake wote wawili walikuwa wanawake wa Yoshiwara, alimwandikia hadithi za mtaa huo zenye kejeli na huruma. Mwaka 1791, kwa ajili ya hadithi hizo, wakaguzi walimfunga Kyoden pingu siku 50 nyumbani kwake, na Tsutaya akatozwa nusu ya mali yake.

Picha za Utamaro za saa 12 za siku ya Yoshiwara zinastahili sifa zote zinazopewa. Amemchora mwanamke akiamka, akifunga obi, akimsindikiza mteja alfajiri, akikaa na wenzake mchana uso ukiwa umechoka. Ni macho ya mtu aliyetazama kweli. Hata hivyo hizi zilikuwa bidhaa zilizotangaza bidhaa nyingine. Anayetaka kuona mtaa kwa jicho lisilouza kitu aitafute picha ya Katsushika Oi, binti wa mchoraji Hokusai. Ni usiku. Wanaume wamesimama nje gizani kama vivuli. Wanawake wamekaa ndani kwenye mwanga mkali nyuma ya vipande vya mbao vya dirisha. Nyuso zao karibu zote zimekatwa na mbao hizo au zimefichwa. Sijui picha nyingine ya zama hizo inayosema wazi hivyo kwamba dirisha la maonyesho lilikuwa kizimba.

Oiran walikuwa wachache kati ya wanawake waliozidi 2,000 kwa muda mrefu, idadi iliyopanda kupita 4,000 mwishoni mwa karne ya 18. Pembeni kabisa, kwenye vichochoro vya kando ya handaki, vilikuwapo vyumba vya kutosha godoro moja, ambako mteja alilipa shaba 100 kwa muda mfupi sana. Walioishia huko walikuwa wagonjwa, wazee, au walioadhibiwa. Waliokamatwa katika madanguro yasiyo na leseni ya Fukagawa na kwingineko waliletwa Yoshiwara kutumikia miaka 3 bila malipo kama adhabu. Msako mmoja wa mwaka 1668 ulileta wanawake 512. Kaswende ilikuwa kila mahali. Tabibu Sugita Genpaku aliandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1810 kwamba kati ya wagonjwa 1,000 aliowatibu kwa mwaka, 700 au 800 walikuwa na ugonjwa huo.

Waliokufa bila ndugu wa kuwachukua walipelekwa hekalu la Jokanji huko Minowa, mwendo mfupi kutoka langoni. Hekalu hilo lilipata jina la hekalu la kutupia. Mnara wa kumbukumbu uliopo sasa unahesabiwa kusimama kwa ajili ya watu wapatao 25,000. Katika tetemeko la mwaka 1855, paa na moto vilipowaangukia mamia ya wanawake ndani ya kuta zile, miili ililetwa huko kwa wingi.

Yoshiwara iliungua yote zaidi ya mara 10 kati ya kuhama kwake na mwisho wa utawala wa shogun, na mara nyingi waliowasha moto walikuwa wanawake wenyewe. Adhabu ya kuchoma nyumba Edo ilikuwa kifo kwa moto, nao waliijua. Mwaka 1849 wanawake 16 wa nyumba ya Umemoto, ambao mwenye nyumba, Sakichi, aliwapiga na kuwanyima chakula, walikubaliana. Waliwasha moto mdogo usioweza kuenea, kisha wakaenda moja kwa moja kwa kiongozi wa mtaa kujisalimisha na kumshtaki Sakichi. Baadhi yao walikuwa wameweka kumbukumbu za kila siku, kwa mwandiko wa mtu asiyesoma sana, wakiandika walichokula, walichonyimwa na walivyopigwa, na maandishi hayo yaliingia katika jalada la uchunguzi. Hakimu hakuwachoma. Wanne walihamishiwa visiwani, na Sakichi naye akahukumiwa uhamisho. Wanawake waliofundishwa kuandika ili wawaandikie wateja barua za mapenzi walitumia kalamu hiyo hiyo kutoa ushahidi, na katika historia yote ya mtaa huu hakuna tendo linalonigusa kuliko hilo.

Mabadiliko ya sheria yalisababishwa na meli ya kigeni. Mwaka 1872 Maria Luz, meli ya Peru iliyobeba Wachina 231 waliosainishwa mikataba ya kazi, iliingia Yokohama. Mmoja alijitupa baharini, akaogelea hadi manowari ya Uingereza, akaeleza mateso yao. Oe Taku, aliyeongoza mahakama, aliamua kwamba mikataba hiyo ni utumwa na watu waachiwe. Wakili wa nahodha, Mwingereza Frederick Dickins, alijibu kwa kuleta mahakamani mkataba wa mwanamke wa danguro la Kijapani: ikiwa huu ni halali nchini mwenu, mbona ule mnaukataa? Serikali mpya ya Meiji, iliyochukua nafasi ya utawala wa shogun na iliyotaka kuheshimiwa na mataifa, haikuwa na jibu. Novemba ya mwaka huo ilitoa amri ya kuwafungua wanawake wote waliofungwa kwa deni. Wizara ya Sheria iliongeza maelezo yake: wanawake hawa wamepokonywa haki za binadamu na kuwa kama ng'ombe na farasi, na kwa kuwa hakuna adaiye fedha kwa ng'ombe na farasi, wasidaiwe. Ilikuwa amri iliyomkomboa mtu kwa kumtukana.

Furaha ilikuwa fupi. Wengi hawakuwa na mahali pa kurudi, na ndani ya mwaka mmoja madanguro yalifunguliwa tena kwa jina la vyumba vya kupangisha, ambamo mwanamke alisemekana kufanya kazi kwa hiari yake. Deni lilirudi kama mkopo wa kawaida. Mwaka 1900 kanuni mpya ziliweka umri wa chini kuwa miaka 18 na kumpa mwanamke haki ya kuacha kazi kwa kutoa taarifa polisi. Mwaka huo huo watu wa Jeshi la Wokovu waliingia Yoshiwara wakiwa na magazeti yanayoeleza haki hiyo, wakapigwa na watu wa madanguro. Maelfu ya wasichana wengine kutoka Shimabara na Amakusa, kusini mwa nchi, hawakupita lango la Yoshiwara kamwe. Walipakiwa melini na kupelekwa Singapore, Sandakan, Bombay, na mwishoni mwa karne ya 19 baadhi yao walikuwa wakifanya kazi hiyo Zanzibar.

Kati ya mwaka 1893 na 1894 mwanamke kijana aliyefiwa na baba yake alifungua duka la vitu vidogo karibu na handaki, akiuza pipi na mishumaa ili alishe mama na mdogo wake. Huyo ni Higuchi Ichiyo. Wateja wake walikuwa watoto wa mtaani, na kutokana nao akaandika Takekurabe, hadithi ya watoto wanaokua kando ya lango, mmoja wao akiwa Midori, msichana mchangamfu ambaye dada yake ni oiran na ambaye kila mtu mzima anajua atakakoishia. Hakuna tukio la danguro ndani yake. Ichiyo alifariki mwaka 1896 akiwa na miaka 24.

Moto wa Aprili 1911 uliteketeza mtaa na zaidi ya nyumba 6,000, na wapinzani wa madanguro wakaunda chama cha Kakuseikai kuzuia usijengwe tena. Ulijengwa. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la Kanto lilipiga karibu na saa sita mchana, moto ukazunguka, na watu wapatao 490, wengi wao wanawake wa nyumba hizo, walikufa ndani na kando ya bwawa la Benten walikokimbilia maji. Picha za miili yao ziliuzwa kama kadi za posta.

Januari 1946 jeshi la Marekani lililoikalia Japani liliamuru leseni za ukahaba zifutwe. Biashara iliendelea kwa kuvumiliwa na polisi, hadi Bunge lilipopitisha sheria ya kuzuia ukahaba Mei 1956. Miezi miwili kabla, Mizoguchi Kenji alikuwa ametoa filamu yake ya mwisho, juu ya wanawake watano wa danguro moja la Yoshiwara wanaosubiri kujua kama sheria itapita. Adhabu zilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1958. Mwaka 1966 jina la Yoshiwara lilifutwa katika anwani za Tokyo, na eneo sasa ni sehemu ya Senzoku. Nyumba za kuogea zilizochukua nafasi ya madanguro zinaendelea na kazi ile ile chini ya leseni nyingine.

Mwaka 2024 jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo liliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Yoshiwara. Matangazo yake ya awali yalikuwa ya uchangamfu kiasi kwamba watu wengi walilalamika hata kabla ya kufunguliwa, na waandaaji wakatoa tamko wakikiri kwamba uchumi wa mtaa huo ulisimama juu ya ukahaba na uvunjaji wa haki za wanawake. Mwaka uliofuata shirika la utangazaji la NHK lilianza tamthilia ya mwaka mzima juu ya maisha ya Tsutaya Juzaburo. Katika sehemu ya kwanza kabisa, kabla ya vitabu na picha, kamera ilionyesha miili ya wanawake iliyovuliwa nguo ikiwa imelazwa chini kwenye uwanja wa hekalu. Watazamaji wengine walikasirika kwamba kitu kama hicho kimerushwa jioni familia zikiwa pamoja. Waandishi wa tamthilia walifanya sawa. Tsutaya alilelewa na mtaa ule, alikula chakula chake, na kila jina alilolichapisha katika mwongozo wake lilikuwa la mtu ambaye angeweza kuishia Minowa.